Makampuni ya sigara: bidhaa yao ya pili ni ucheleweshaji

Mjomba wetu kutoka Mombasa alipokuja kututembelea hapa London, jambo la kwanza alilotuomba ni kumpeleka dukani akanunue sigara. Ni mtu mzima, umri wake umegonga miaka 60, na anavuta tangu ujana wake. Tulipofika dukani akasimama mbele ya kaunta, akatazama huku na huku, asione kitu. Ikabidi tumweleze kwamba katika Uingereza sigara haziwekwi hadharani. Tangu mwaka 2012 kwa maduka makubwa, na 2015 kwa maduka madogo, sheria inataka zifungiwe ndani ya kabati. Muuzaji akafungua, akamtolea pakiti yenye rangi ya matope, haina nembo wala mapambo, ila picha ya ugonjwa na maneno ya onyo. Bei yake ilipita pauni 15.

Mjomba akaigeuzageuza ile pakiti mkononi, kisha akauliza: "Huku wanazificha. Kwetu zinatundikwa kibandani pamoja na pipi za watoto. Kwani sisi si watu?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu pale pale. Makala haya ni jaribio la kulijibu, na tunaomba msomaji awe na subira nasi, kwa sababu jibu lake linaanzia mbali.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tulioko ughaibuni tumezoea kusema kwamba wenzetu wa Ulaya wana sheria na sisi Waafrika hatuna. Hiyo si kweli. Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo inakataza matangazo ya sigara, inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, na inakataza kuuza sigara moja moja. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2003, na Uganda mwaka 2015. Nchi zote tatu zimeridhia Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, ambao ulianza kutumika Februari 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004, na Tanzania na Uganda mwaka 2007. Kwa hiyo karatasi zipo. Linalotakiwa kuulizwa ni kwa nini karatasi hizo huchukua miaka na miaka kabla hazijafika kwenye kibanda cha mtaani.

Maoni yetu ni kwamba makampuni ya sigara yana bidhaa mbili. Ya kwanza ni sigara, na mteja wake ni mvutaji. Ya pili ni ucheleweshaji, na wateja wake ni serikali, mabunge, mahakama na hata sisi waandishi wa habari. Bila ya hii bidhaa ya pili, ile ya kwanza ingekuwa imekwisha kubanwa miaka mingi iliyopita.

Waliyoyajua na waliyoyasema

Mwaka 1950 madaktari wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London. Waliona wazi kwamba saratani ya mapafu inawaandama zaidi wavutaji wa sigara, na kadiri mtu anavyovuta nyingi ndivyo hatari inavyozidi. Mwaka huo huo Wamarekani Ernst Wynder na Evarts Graham nao walichapisha matokeo yanayofanana na hayo. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na alipoyaona yale matokeo akaacha.

Basi makampuni yalifanya nini? Desemba 1953 wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani walikutana katika hoteli ya Plaza mjini New York, na pamoja nao walikuwapo wataalamu wa kusafisha majina wa kampuni ya Hill & Knowlton. Januari 1954 likatoka tangazo la ukurasa mzima katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani. Tangazo hilo lilisema kwamba makampuni yanaamini bidhaa zao hazidhuru afya, na yakaahidi kugharimia uchunguzi wa kisayansi. Msomaji wa kawaida aliyelisoma aliona kwamba jambo hili bado lina mjadala. Hilo ndilo lililotakiwa.

Ndani ya ofisi zao lakini lugha ilikuwa nyingine. Mwaka 1963 Addison Yeaman, mwanasheria mkuu wa kampuni ya Brown & Williamson, aliandika katika waraka wa siri kwamba nikotini inaleta uraibu, na kwamba biashara yao kwa hakika ni kuuza nikotini. Tuikumbuke kampuni hiyo, kwa sababu wakati ule ilikuwa kampuni tanzu ya British American Tobacco, ile BAT tunayoifahamu sote Afrika Mashariki. Mwaka 1969 waraka mwingine wa kampuni hiyo hiyo ulieleza bila ya kificho kwamba shaka ndiyo bidhaa yao, kwani shaka ndiyo njia bora ya kushindana na ukweli uliokwisha kuingia katika akili za watu.

Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa makampuni ya sigara walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, na mmoja baada ya mwengine wakasema kwamba haamini kuwa nikotini inaleta uraibu. Mmoja wao alikuwa mkuu wa Brown & Williamson. Kutoka waraka wa mwanasheria wao hadi kiapo hicho ilikuwa imepita miaka 31. Mtoto aliyezaliwa mwaka waraka ulipoandikwa alikuwa sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na kama alikuwa mvutaji, basi alikwisha kuvuta nusu ya umri wake.

Tunayajua haya kwa sababu siri zilifichuka. Mwaka 1998, kutokana na kesi ya jimbo la Minnesota, makampuni yalilazimishwa kufungua nyaraka zao kwa umma. Za BAT zilikuwa zimewekwa katika ghala mjini Guildford, safari fupi ya treni kutoka hapa London. Leo mamilioni ya kurasa hizo yamo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma.

Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington aliamua kwamba makampuni makubwa ya Marekani yaliudanganya umma kwa miongo mingi, na akayaamuru yatangaze ukweli kwa gharama zao. Yakakata rufaa, yakabishana juu ya neno hili na lile, na matangazo hayo yakaanza kuonekana katika televisheni na magazeti Novemba 2017. Hukumu ilitoka mwaka 2006, utekelezaji ukaanza 2017. Miaka 11. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa makampuni haya, kuchelewa ndiko kunakompata mwana.

Madhara yenyewe

Kabla ya kurudi nyumbani inafaa tukumbushane ni kitu gani hasa kinachocheleweshwa. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na miongoni mwake zaidi ya 60 zinajulikana kusababisha saratani. Nikotini inafika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ndiyo inayomrudisha mvutaji dukani. Vinavyomuua ni lami inayoganda mapafuni, gesi ya kaboni monoksidi inayonyang'anya damu nafasi ya oksijeni, na sumu zinazoharibu kuta za mishipa. Ndiyo maana sigara haileti saratani ya mapafu peke yake. Inaleta mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani ya koo na ya kibofu, na ule ugonjwa wa kukosa pumzi unaomfanya mtu ashindwe kupanda hata ngazi tatu.

Kuna wanaojifariji kwa sigara zilizopewa jina la "nyepesi". Sigara hizo zilikuwa na vitundu vidogo kwenye filta vinavyoingiza hewa. Mashine ya maabara ikivuta, kipimo kinashuka. Binadamu akivuta, vidole na midomo yake huziba vile vitundu, tena huvuta kwa nguvu zaidi ili apate nikotini aliyoizoea. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku maneno hayo kwenye pakiti mwaka 2003.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni moja ambao wao wenyewe hawavuti bali wanavutishwa moshi wa wenzao. Nusu ya wanaoendelea kuvuta bila ya kuacha huuawa na tumbaku. Na karibu asilimia 80 ya watumiaji wake duniani wanaishi katika nchi maskini na za kipato cha kati. Yaani soko limehamia kwetu.

Nairobi, 2006 hadi 2019

BAT inasema historia yake katika Kenya inaanzia mwaka 1907. Leo BAT Kenya ina kiwanda Nairobi, hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la Nairobi, na asilimia 60 ya hisa hizo ni za kampuni mama, ambayo makao yake makuu yapo Globe House, kando ya mto Thames hapa London. Mtu akitoka hapo mlangoni na sigara mdomoni hawezi kuingia nayo katika mkahawa wowote, kwa sababu England ilikataza kuvuta ndani ya majengo ya umma tangu tarehe 1 Julai 2007.

Sasa tutazame yaliyotokea Nairobi. Mwaka 2006 Waziri wa Afya wakati huo, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kukataza uvutaji hadharani. BAT Kenya na kampuni ya Mastermind zikaenda Mahakama Kuu, na kanuni zikasimamishwa. Bunge likatunga sheria kamili mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008.

Sheria bila ya kanuni ni kama jahazi bila ya tanga. Kanuni za kuitekeleza zilitangazwa Desemba 2014. Zilitaka picha za onyo kwenye pakiti. Zilitaka makampuni yaeleze yaliyomo ndani ya bidhaa zao. Ziliwawekea mipaka maofisa wa serikali katika kukutana na makampuni hayo. Na zilitaka kila mwaka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao katika mfuko wa kudhibiti tumbaku.

Aprili 2015 BAT Kenya ikaenda mahakamani. Ilisema wadau hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba mchango wa asilimia 2 ni kodi ya mlango wa nyuma, na kwamba sekta yao inabaguliwa. Mahakama kwanza ikasimamisha utekelezaji. Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua, na sehemu kubwa ya kanuni ikapita. Kampuni ikakata rufaa. Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa hiyo. Kampuni ikapanda tena. Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya nayo ikaitupa.

Ukisoma habari hiyo kwa haraka utasema kampuni ilishindwa mara tatu. Sisi tunasema tuihesabu kwa kalenda. Kutoka Desemba 2014 hadi Novemba 2019 ni takriban miaka mitano. Kijana aliyekuwa na miaka 13 kanuni zilipotangazwa alitimiza 18 kabla ya hukumu ya mwisho kusomwa. Ule ndio umri ambao wavutaji wengi huanzia. Kampuni iliyoshindwa kesi ilikuwa imekwisha kumpata mteja wake.

Hatusemi kwamba kampuni haina haki ya kwenda mahakamani. Haki hiyo kila mtu anayo, na sisi tuliokimbia nchi zetu tunajua thamani yake. Tunachosema ni kwamba pale ambapo siku moja ya kuchelewa ina faida, kwenda mahakamani huwa ni biashara hata kwa mtu anayejua kwamba atashindwa.

Wala Kenya haikuwa peke yake. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2015, BAT Uganda ikaipinga, na Mahakama ya Katiba ikalitupa pingamizi hilo Mei 2019. Julai 2017 gazeti la The Guardian la hapa Uingereza liliripoti kwamba BAT na makampuni mengine ya sigara yalizitishia serikali za nchi zisizopungua nane za Afrika, kwa barua na kwa kesi, ili ziache au zilegeze sheria za tumbaku. BAT ilijibu kwamba si kweli kuwa inapinga kila sheria ya tumbaku.

Kabla ya hapo, Novemba 2015, kipindi cha Panorama cha BBC kilimhoji Paul Hopkins, aliyeifanyia BAT kazi nchini Kenya kwa miaka 13. Alidai kwamba zilitolewa rushwa katika Afrika Mashariki, na BBC ikaonyesha nyaraka zinazohusu malipo kwa watu kutoka Burundi, Comoro na Rwanda walioshiriki katika mambo ya ule Mkataba wa Shirika la Afya Duniani. BAT ilikana kufanya makosa. Ofisi ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa ilianza uchunguzi mwaka 2017, na Januari 2021 ikaufunga kwa kusema ushahidi haukutosha kufungua mashitaka. Uadilifu unatutaka tuliseme hilo waziwazi. Lakini Mkataba wenyewe, katika kifungu chake cha 5.3, unazitaka serikali zilinde sera zao za afya zisiingiliwe na maslahi ya makampuni ya tumbaku. Walioandika kifungu hicho walijua wanashughulika na nani.

Na sasa imekuja bidhaa mpya. Mwaka 2019 BAT ilianza kuuza Kenya vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, kwa jina la Lyft. Havina moshi, vina ladha tamu, na mzazi hawezi kuvinusa. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema vifuko hivyo viliandikishwa kinyume cha utaratibu, kwani vilipaswa kufuata sheria ya tumbaku. Baadaye vikarudi sokoni kwa jina jengine. Kumbuka waraka wa 1963: biashara yao ni nikotini. Chombo cha kuibebea kinaweza kubadilika.

Na sisi waandishi

Itakuwa unafiki kuyasema ya makampuni na mahakama halafu tuifiche kalamu yetu. Tulipokuwa bado tunaandika nyumbani, kabla ya mambo mengine kutulazimisha kuondoka, tulikwenda katika wodi ya wagonjwa wa saratani tukaandika habari ya watu tuliowakuta mle. Mhariri aliipenda. Ikapangwa kutoka Jumamosi. Ijumaa jioni tukaambiwa isubiri kidogo, kwani wiki hiyo kulikuwa na ukurasa mzima wa kampuni moja iliyokuwa ikijisifu kwa kupanda miti, na "haingependeza" mambo hayo mawili kukaa katika gazeti moja. Wiki iliyofuata pia ikasubiri. Hakuna aliyetukataza. Habari ile haikukataliwa hadi leo, bado inasubiri.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba ucheleweshaji hauna haja ya mwanasheria. Unaweza kufanywa na mtu mwema kabisa, mwenye mshahara wa kulipa mwisho wa mwezi.

Hoja za ushuru na mkulima

Watetezi wa makampuni wana hoja mbili ambazo haifai kuzidharau.

Ya kwanza ni ushuru. Wanasema serikali ikipandisha kodi ya sigara, magendo yatajaa na hazina itakosa. Ukweli ni kwamba magendo yapo, lakini dawa yake inajulikana: stempu za kodi zinazofuatiliwa kutoka kiwandani hadi dukani, jambo ambalo Kenya imelifanya tangu mwaka 2013. Na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 katika nchi zetu. Yaani watu wanapungua kuvuta, na bado hazina inapata zaidi, kwa sababu matumizi hayashuki kwa kasi ile ile ya kupanda kwa kodi.

Ya pili ni mkulima. Hii ndiyo nzito zaidi. Huko Tabora, na hasa Urambo, ambako Waingereza walishindwa na mradi wao wa karanga baada ya Vita vya Pili, tumbaku ndiyo iliyokuja kuwa zao la fedha. Katika Migori upande wa Kenya ni hivyo hivyo. Kumwambia mtu wa huko aache tumbaku bila ya kumwambia alime nini ni kumtukana.

Lakini tumuulize mkulima mwenyewe anabaki na nini. Mbegu na mbolea anakopeshwa. Mnunuzi ndiye anayepanga daraja la jani, na daraja ndilo linalopanga bei. Tumbaku inayokaushwa kwa moto inahitaji kuni nyingi, na misitu ya miombo ya Tabora imelipa gharama hiyo. Anayechuma majani yenye umande bila ya kinga hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Na mara nyingi wachumaji hao ni wanawake na watoto wa nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, FAO na Shirika la Mpango wa Chakula walianza mradi katika Migori wa kuwasaidia wakulima kuhamia kwenye maharage yenye madini mengi ya chuma, huku soko la mazao hayo likitafutwa mapema. Hilo ndilo jibu la haki kwa mkulima: soko la uhakika la zao jengine. Serikali zetu zina uwezo wa kulifanya hilo kwa upana zaidi, kama zitatenga sehemu ya kodi ya sigara kwa kazi hiyo.

Tuanzie kwetu

Turudi kwenye swali la mjomba. Sisi si watu? Watu tu. Uingereza nayo ilicheleweshwa. Kutoka uchunguzi wa Doll na Hill wa 1950 hadi sheria ya 2007 ya England ni miaka 57, na katika miaka hiyo wamekufa Waingereza wasiohesabika. Kilichoiokoa nchi hii ni kwamba hatimaye wananchi walichoka, madaktari walisema kwa sauti moja, na wabunge wakaogopa wapiga kura wao kuliko walivyoyaogopa makampuni. Machi 2025 Baraza la Wawakilishi la Uingereza lilipitisha muswada wa kukataza kumuuzia sigara yeyote aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 2009, hata akizeeka. Kura hiyo ilipigwa katika mji ule ule wenye ofisi za BAT.

Kwa hiyo ndugu zetu walioko nyumbani wana haki ya kudai kitu kimoja rahisi. Kila mara sheria ya tumbaku inapopingwa, wamuulize mbunge wao na waziri wao: lini? Si kama sheria ni nzuri, kwani hilo limekwisha kujulikana tangu 1950, bali lini itaanza, nani anaichelewesha, na amekutana na nani. Waandishi walioko nyumbani nao waiweke kalenda hiyo mbele ya wasomaji, kama tulivyojaribu kufanya hapa.

Na sisi tulioko nje tuna dhambi yetu. Ni nani kati yetu ambaye hajapita katika maduka ya uwanja wa ndege yasiyotozwa ushuru akanunua katoni ya sigara kuwa zawadi ya mzee? Tunaishi katika nchi zinazotukinga na moshi, halafu tunaubeba moshi huo katika sanduku kuupeleka kwa wazazi wetu, na kuuita heshima. Tena wengi wetu tunachangia mifuko ya pensheni makazini bila ya kuuliza fedha zetu zimewekezwa wapi. Huenda zimo katika hisa za kampuni hizi hizi tunazozilaumu. Barua moja kwa mfuko wako wa pensheni haina gharama yoyote.

Mjomba alikaa nasi wiki tatu. Usiku mmoja tulimsomea matokeo ya mwisho ya Doll, yaliyochapishwa mwaka 2004 baada ya kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Mvutaji wa maisha hupoteza kwa wastani miaka 10 ya umri wake. Anayeacha akiwa na miaka 30 huokoa karibu yote 10. Akiacha na miaka 40 huokoa 9, na miaka 50 huokoa 6. Na akiacha na miaka 60 huokoa 3.

"Mitatu tu?" akauliza.

Tukamwambia, ndiyo mjomba, mitatu, na inapungua kadiri unavyosubiri. Hakutuahidi kitu. Lakini tulipompeleka uwanja wa ndege, mwenyewe alitukataza tusimnunulie katoni.